Mbwa Aliyetangulizwa

Rubeni alirudi nyumbani Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita, kama alivyokuwa akirudi kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi na mmoja, ila mara hii hakuja peke yake. Alikuwa amezungusha kamba ya katani kiganjani, na upande wa pili wa kamba alikuwepo mbwa mwekundu mwenye masikio makubwa, ulimi nje, matope yamemganda hadi tumboni. Walikuwa wamepanda lori la mbao kutoka Muheza mpaka Mombo, wakalala hapo, kesho yake wakapata gari lililokuwa likifuata kabichi huku milimani, na kipande cha mwisho cha kupanda mpaka Kwemkole wakakimaliza kwa miguu.

Mkewe, Klara, alikuwa uani akichambua maharage. Ubavuni pake aliketi paka wake wa kijivu, aliyeitwa Karani kwa sababu ya desturi yake ya kukaa wima, miguu ya mbele imewekwa pamoja, akimtazama kila anayeingia kama amekuja na barua isiyo na stempu. Klara hakupata hata nafasi ya kumpokea mumewe mzigo. Mbwa alimwona paka, kamba ikamchomoka Rubeni mkononi, ungo ukapinduka na maharage yakatapakaa ua mzima. Karani alipigana mara moja tu. Alimchana mbwa pua, mbwa akamrarua sikio, kisha paka akapanda nguzo ya jiko, akaingia darini, na huko akabaki mpaka Jumatatu.

Rubeni alikuwa msimamizi wa kitalu cha miche katika kambi moja ya wafanyakazi wa misitu kule Sigi. Akiwa anakunywa chai alieleza kwamba wafanyakazi wote wameagizwa wasifuge mbwa kambini, maana mbwa huingia msituni na kuwinda. Huyu alikuwa wa mwenzake aliyehamishiwa Tabora. Mwenzake amekwenda, mbwa kabaki, na mbwa watakaokutwa kambini watapigwa risasi. Basi yeye amemwonea huruma.

Klara alishangaa kidogo, kwa sababu tangu aolewe hakuwahi kumwona Rubeni akimwonea mbwa huruma. Aliyemjua yeye alikuwa ni mtu wa kuokota jiwe. Lakini msimu uliopita nguruwe pori walikuwa wamelala kwenye mahindi yake ya kando ya msitu na kuyamaliza, kwa hiyo mbwa alikuwa na kazi ya kufanya. Na mtu uliyemwamini miaka ishirini na mitatu huanzi kumpima maneno kwa ajili ya mbwa. Alipouliza jina lake, Rubeni alisema hajui, ampe lolote. Klara akamwita Mgeni.

Kesho yake, baada ya kutoka kanisani, Rubeni alikaa kizingitini akapiga mluzi mdogo, wa sauti mbili, moja juu moja chini. Mbwa aliacha chakula, akaja akamlazia kichwa gotini.

"Amekuzoea upesi," Klara alisema.

Rubeni alimwondoa mbwa gotini, akasema kwamba mbwa wa kambini ndivyo walivyo, kila mtu ni bwana wao. Alfajiri ya Jumatatu akashika njia kurudi Sigi. Alipofika chini ya mgomba wa mwisho aligeuka akasema, "Umtunze, Mama Mika. Usije ukampa mtu."

Huo ulikuwa mwaka wa themanini. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, ila mtoto wao mkubwa, Mika, alikuwa bado huko na jeshi. Mdogo wake alikuwa akisoma Tanga. Klara alikuwa peke yake na shamba lake, na siku za shamba la kijiji, na wanyama wawili ambao hawakutaka kuonana. Akimfunga Mgeni bandani, mbwa alilia kutwa mpaka balozi wa nyumba kumi akaja kuuliza kuna nini. Akimfungua, alikaa chini ya dari akinguruma, na Karani akakaa juu akitema mate. Baada ya siku nne paka hakuonekana tena. Klara alimsikia mara moja, mbali, kwenye mikaratusi ya kanisani. Panya nao walijua kabla yake. Waliteremka kwenye mahindi ya mbegu aliyoyaning'iniza juu ya moshi, na asubuhi alikuta magunzi.

Akaamua mbwa aondoke. Kulikuwa na mlinzi wa shamba la chai aliyemtaka. Kwa kuwa alikuwa mke mwenye adabu, alituma kwanza salamu kwa dereva wa lori ili mumewe ajue. Barua za Rubeni zilikuwa na mwendo wa konokono. Mama yake mzazi alipozidiwa na maradhi, jibu lake lilichukua wiki tano. Jibu la mbwa lilifika siku ya sita. Nakuomba, mke wangu, usimtoe. Nakuomba sana.

Klara aliisoma mara mbili, akaikunja, akateremka kwa wifi yake.

Mariamu alikuwa dada mkubwa wa Rubeni, mjane, nyumba yake iko ng'ambo ya kijito. Miaka mingi alikuwa mpishi katika nyumba za wamisionari Bumbuli, na huko alijifunza mambo ambayo wanawake wengine wa Kwemkole hawakuyajua, kama kuoka mkate na kumpima mtoto homa kwa kipimo cha kioo. Yeye na Klara walikuwa wifi wa kwelikweli. Walimuuguza mama mkwe pamoja miaka mitatu mpaka alipofariki, mmoja akimwinua, mwingine akimwosha. Kama kulikuwa na mtu duniani ambaye Klara angemfungulia moyo bila kuuchuja, alikuwa Mariamu.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mbona umekunja uso?"

Klara alimsimulia. Alitarajia Mariamu acheke, aseme mbwa si mtu, mpe huyo mlinzi. Mariamu hakucheka. Alisema kule Bumbuli mama mmoja wa Kijerumani alikuwa na mbwa mkubwa kama ndama na paka watatu, na wote walilala mbele ya jiko moja. Hawakuzaliwa hivyo. Walifundishwa, na yeye mwenyewe aliona walivyofundishwa.

"Kosa ni kuwakutanisha ghafla," alisema. "Mnyama ukimshtua mara ya kwanza, unamtia chuki ya maisha. Kidogo kidogo, wifi. Harufu kwanza. Sura baadaye."

Kesho yake alikuja mwenyewe na sufuria ya mchuzi wa mifupa, na Klara akaguswa moyo kwamba mwanamke wa umri ule apande kilima kwa ajili ya paka. Walimtafuta Karani pamoja kwenye mikaratusi, wakamrudisha ndani ya kikapu chenye mfuniko, wakamfungia chumba cha ndani. Mbwa akabaki jikoni. Kati yao ulikuwa mlango wa mbao, na chini ya mlango upenyo wa vidole viwili. Hapo ndipo Mariamu alipoanzia. Sahani ya paka iwekwe upande huu, ya mbwa upande ule, mbali kidogo na mlango. Kila siku zisogezwe kiganja kimoja. Wakila huku wakisikilizana, kila mmoja atajifunza kwamba pumzi ya mwenzake huja pamoja na chakula. Mbwa atembezwe kwanza mpaka achoke, kwa sababu mbwa aliyechoka hana maneno mengi. Asipigwe. Akimtazama paka na kunyamaza, apewe kipande cha ngozi ya nyama na asifiwe. Paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia, na asikamatwe kwa nguvu kupelekwa kwa mbwa hata siku moja, aende mwenyewe.

Klara alifuata yote. Alfajiri alimpeleka Mgeni shambani kwa kamba, akalima naye amefungwa kwenye kisiki, jioni akarudi naye amechoka. Ilikuwa kazi, na ilianza kumpendeza. Siku ya sita sahani zilikuwa zinagusa mlango, huku na huku, na hakuna aliyenguruma. Alikwenda kumwambia Mariamu kama mtu anayekwenda kutangaza harusi. Mariamu alifurahi, kupita kiasi pengine, akamshika mikono yote miwili na kusema Mungu atambariki kwa uvumilivu wake. Kisha akasema sasa wabadilishane malazi. Alichokilalia mbwa kitandikwe chini ya paka, na cha paka kiende kwa mbwa.

Mbwa alikuwa amekuja na gunia lake la kulalia, na Klara alikuwa amelitupa tu kwenye pembe ya jiko bila kulitazama. Asubuhi ya Alhamisi alilitoa uani. Lilikuwa zito mno kumlalisha paka, na limevunda, basi akalifungua mdomo aone kama ndani mna kitambaa. Mlikuwa na kipande cha kanga, nusu yake hivi, kimekunjwa vizuri mara nne na kushonewa pembeni kwa mkono usiojua kushona, mishono mikubwa ya uzi mweusi. Ilionekana mtu alikuwa amemtengenezea mbwa godoro.

Akakitandua juani. Pindo jeusi la majani, korosho za manjano katikati, na herufi zilizobaki, MA SI MLANGO.

Klara alisimama nacho mkononi. Alijua maneno yaliyokatwa. Nyumba njema si mlango. Aliyajua kwa sababu kanga hiyo ilikuwa sandukuni kwake. Rubeni alimletea Krismasi iliyopita, kipande kimoja badala ya doti, na akaomba radhi. Madukani hakuna kitu, alisema. Hiyo moja ameipata kwa foleni ya siku nzima Muheza, na walikuwa wakikata kila doti katikati ili kila mtu apate chochote. Klara alimhurumia kwa kusimama foleni siku nzima. Aliipiga pindo, akaivaa kanisani mara mbili, na wanawake wakamsifu.

Aliingia ndani akaitoa. Alijiambia kanga za aina moja ni nyingi, zinatoka mashine moja, hata mke wa mchungaji anaweza kuwa nayo. Lakini yake ilikuwa na kasoro ambayo aliijua vizuri, mchirizi wa rangi nyeusi uliotoka kwenye pindo ukakata kimshazari kupita korosho mbili, ukaishia kwenye ukingo pale ilipokatwa, kana kwamba mashine ilikohoa. Aliiweka juu ya nyasi. Akaweka na kile kipande cha mbwa, ukingo kwa ukingo. Mchirizi ulitoka kwenye kanga yake, ukavuka, ukaendelea kwenye ile nyingine shibiri nzima, ukafifia.

Alikaa chini palepale. Mbwa, aliyekuwa amefungwa kwenye mti wa parachichi, alipoona kitambaa chake akaanza kutikisa mkia na kulia kidogo, kama anayemwona mtu wa kwao.

Klara aliviringisha vipande vyote viwili, akavuka kijito.

Mariamu alikuwa akikoroga uji. Klara hakutoa shikamoo, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mwenzake ageuke. Alivitandika vipande juu ya meza, akaviunganisha, akamwonyesha mchirizi kwa kidole.

"Wifi, mbwa huyu ametoka nyumba gani?"

Mariamu aliufuata mchirizi kwa macho, huku na huku. Uji ulianza kushika chini. Akauepua, akafuta mikono kwenye kanga yake, akaifuta tena ingawa ilikwisha kauka.

"Hivi umevitoa wapi?"

"Umenituma wewe. Umesema nibadilishe malazi."

Mariamu akakaa. Hakukana, na Klara baadaye alifikiri kwamba kama angekana hata kidogo, hata kwa heshima tu, pengine isingemuuma sana hivyo. Alisema yupo mwanamke kule Sigi, anaitwa Jenoveva, anapikia wafanyakazi wa kambi. Alisema ni zamani, ni zaidi ya miaka saba. Yupo na mtoto wa kike, anatimiza saba, Januari ataanza shule. Mbwa ni wa mtoto. Mama yake mbwa alipokufa, mtoto alimlea kwa maziwa ya kijiko.

"Mtoto anaitwa nani?"

Mariamu aliinama akatoa kuni motoni.

"Wifi. Anaitwa nani?"

"Eunike."

Eunike lilikuwa jina la mama mkwe. Klara alikuwa amezaa wavulana wawili, na tumbo la tatu lilitoka kabla ya wakati wake, halafu basi. Jina la mama mkwe lilibaki likisubiri msichana. Miaka miwili ya kwanza ya ugonjwa wake yule bibi alimwambia mara kwa mara, wakati Klara akimkausha mgongo, kwamba ataondoka duniani bila kuacha jina. Mwaka wa tatu aliacha kusema. Klara alidhani amemsamehe. Alikuwa hata amemshukuru Mungu kwa hilo, kwa magoti, kando ya kitanda chake.

"Mama alijua," alisema. Halikuwa swali.

"Alimwona. Ulipokwenda Tanga kumpeleka mtoto shule, Rubeni alimleta hapa siku mbili. Mama alimpakata." Mariamu alianza kulia. "Wifi, alikupenda. Alituapisha tusikwambie ili usiumie."

Klara alimtazama akilia. Aliwaza siku zile alizorudi kutoka Tanga, jinsi wote wawili, mama na binti, walivyompokea kwa furaha, wakamchinjia kuku. Mama mkwe alikuwa na msemo aliokuwa akiurudia mno, kikulacho ki nguoni mwako, na Klara alikuwa akiitikia kila mara, kweli, mama.

Alitaka kuondoka, lakini Mariamu alikuwa bado na neno, na mtu akishaanza kutapika hawezi kuchagua pa kuachia. Alisema Jenoveva kule hana ndugu, kambi si mahali pa kumlelea msichana, na shule ya karibu ni mbali. Walikuwa wamekusudia mtoto aje Kwemkole Januari. Aje akae kwa Klara, kwenye nyumba kubwa isiyo na watoto. Rubeni angesema ni mtoto wa yule mwenzake aliyehamishiwa Tabora.

"Lakini hawezi kulala bila mbwa wake," Mariamu alisema. "Basi tukasema mbwa atangulie. Tukasema ukishamzoea mbwa, na nyumba ikatulia, na mtoto naye..."

"Kidogo kidogo," Klara alisema. "Harufu kwanza."

Mariamu akainamisha kichwa. Klara aliviringisha kanga zake, akatoka. Kwenye kijito alisimama juu ya jiwe, akajikuta amesahau mguu gani unaotangulia.

Siku ile hakupika. Alikaa jikoni akimtazama mbwa, na aliyoyafikiri mengine asingependa kuyakumbuka. Aliwaza sumu ya panya. Aliwaza mlinzi wa shamba la chai. Mwishowe alimfungua kamba, akafungua na mlango wa ua, akamwambia nenda kwenu. Mbwa alitoka hadi njiani, akanusa upepo wa bondeni, akarudi, akalala pale gunia lake lilipokuwa, kwenye udongo mtupu.

Kitu kilichomuuma zaidi hakikuwa Jenoveva. Wanaume wa makambini walikuwa na habari zao, na wanawake wa Kwemkole walizijua. Hata yeye, katika miaka kumi na mmoja, asingeweza kuapa kwamba wazo hilo halijampitia kichwani. Kilichomuuma ni ule mchuzi wa mifupa. Alimwona Mariamu akipanda kilima na sufuria kichwani, akipumzika kwenye kona, akipanda tena. Alikumbuka jinsi alivyoguswa moyo. Walikuwa wamekaa, dada na kaka, wakapanga kila hatua, wakahesabu chuki yake na uvumilivu wake, wakaona kwamba akipewa muda atakula karibu na mlango.

Hata hivyo hakuacha kuwafundisha wale wanyama. Majirani baadaye walisema ni moyo wake mwema, lakini haukuwa wema. Karani alikuwa amefukuzwa darini kwake na kitu kilichotoka nyumba ile, na Klara hakutaka kuwaachia hilo. Paka atarudi mahali pake, mbwa akiwepo au asiwepo. Aliendelea bila Mariamu. Alikipasua kile kipande cha kanga, akamtandikia paka robo. Karani alikizunguka siku nzima, akakikanyaga, jioni akakilalia. Wiki iliyofuata alifungua mlango kiasi cha mkono, mbwa amefungwa kwenye mguu wa kinu. Walitazamana. Mbwa alitetemeka mwili mzima kwa hamu ya kukimbiza na hakukimbiza, na Klara akampa ngozi ya nyama, akamwambia vizuri, kwa sauti ambayo haikuwa na uzuri wowote. Siku tatu mbele Karani alitoka mwenyewe. Alipita ukutani, mgongo juu, mkia umevimba kama gunzi. Mbwa aliinuka, Klara akasema "Kaa", naye akakaa. Paka akafika kwenye majivu ya moto, akaketi wima, akaweka miguu yake pamoja, akaanza kujilamba lile sikio lililopasuka.

Klara alilia hapo, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba imewezekana. Mtu aliyekuwa akimwambia mambo kama hayo alikuwa ng'ambo ya kijito.

Rubeni alifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa saba, saa kumi. Inaonekana hakupitia kwa dada yake, kwa sababu aliingia uani kwa uso wa siku zote. Alikuta mbwa amelala kizingitini bila kamba, na paka juu ya rundo la kuni hatua nne kutoka hapo. Furaha iliyomjia usoni ilikuwa kubwa kuliko mbwa na paka.

"Umeweza," alisema. "Nilijua. Nilijua wewe utaweza."

Klara alimpokea mzigo, akampa maji ya kunawa, akamwekea chakula, kwa sababu mtu aliyesafiri siku mbili hasemeshwi kabla ya kula. Alipomaliza, alitoa sahani, akakaa mbele yake.

"Jina lake la kwanza ni nani huyu mbwa?"

"Si ulimpa wewe, Mgeni."

"La kwanza, Baba Mika. Alilopewa na Eunike."

Rubeni alitazama mikono yake. Udongo wa kitalu haukuwahi kumtoka kwenye kucha, hata siku ya harusi yao. Nje kuku walianza kuingia bandani.

"Popo," alisema. "Kwa sababu ya masikio." Kisha akasema, "Nilikuwa natafuta njia isiyokuumiza."

"Ulikuwa unatafuta njia ya mimi kuumia bila kujua."

Alijaribu kueleza. Alisema mwanzoni aliogopa, halafu miaka ikawa mingi, na kila mwaka uliongeza uzito wa kusema. Alisema mtoto hana kosa. Klara alimjibu kwamba anajua mtoto hana kosa, na kwamba ndiyo maana anashangaa walitaka aingie hapa akiwa amebebeshwa uongo, aambiwe kila asubuhi asimwite baba yake baba. Miaka saba iliyopita tungekuwa na ugomvi, alimwambia. Ningekufukuza, ningerudi kwetu, wazee wangeitwa, huenda ningerudi, huenda nisingerudi. Lakini ungekuwa ugomvi wangu. Mmeniibia hata huo. Mmekaa wote watatu, mkaugawana, mimi nikiwa kisimani natafuta maji ya kumwosha mama yenu.

Rubeni alifunika uso. Klara alingoja amalize. Alikuwa ameshafunga nguo za mumewe kwenye sanduku la mbao, na sanduku lilikuwa nyuma ya mlango.

"Mwisho wa mwezi utakuwa unafikia kwa dada yako," alisema. "Na mtoto akija, atafikia huko huko. Mbwa nenda naye leo."

Aliondoka kabla giza halijaingia, sanduku begani, mbwa akimfuata na kusimama, akimfuata na kusimama, mpaka Rubeni akampigia ule mluzi wa sauti mbili. Wazee wa kanisa walikuja mara mbili kabla ya Krismasi. Klara aliwapikia chai, akawasikiliza, akawaambia hajamkataa mume, amekataa kudanganywa, na wao wakimwonyesha mstari unaomlazimu atausoma. Mbwa, aliyeachwa kwa Mariamu, alijizoesha kuvuka kijito kila asubuhi na kuja kulala kwenye kizingiti mpaka adhuhuri. Karani alimvumilia. Watu wa Kwemkole walipoona mbwa pale walisema Mama Mika ameanza kulainika, naye aliwaacha waseme.

Januari ilipoanza alikaa mezani na karatasi, akamwandikia Mika. Alimwandikia yote, kwa mpangilio, jina la mwanamke na jina la mtoto, na kwamba bibi yake alijua. Alifikiri sana kama kijana aliye mbali na kwao anastahili barua ya namna hiyo. Akaona akinyamaza na yeye atakuwa amejiunga nao. Una dada, aliandika. Sijamwona. Akaipeleka posta Bumbuli kwa mkono wake.

Wakati wa kurudi, pale njia ya gari inapoishia na ya miguu inapoanza, aliwakuta Mariamu na mtoto. Walikuwa ndio kwanza wameteremka garini. Mtoto alikuwa amevaa sare mpya iliyompita magoti, mzigo wake umefungwa kwa kitambaa, na paji la uso lilikuwa la mama mkwe, pana, lenye mfereji mdogo katikati. Hakuwa amefunzwa lolote kumhusu Klara, ilionekana, au alikuwa amefunzwa adabu tu. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

Shikamoo haikataliwi. "Marahaba," Klara alisema. "Hujambo?"

"Sijambo."

Mariamu alikuwa amekonda. Katika miezi mitano walikuwa wamesalimiana kisimani tu, na salamu zao zilikuwa fupi kama za watu wanaopishana sokoni. Alihamisha mzigo kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Wifi," alisema, "tupite nyumbani basi, unywe hata chai."

"Leo hapana," Klara alisema, akawapita.

Alikuwa amefika kwenye mikaratusi ndipo aliposikia alichokisema. Angeweza kusema hapana tu. Hakujua neno leo limetoka wapi, wala nani amemtuma aliseme, na akapanda kilima chote kilichobaki akiwa amelikasirikia.